Kivitz chenye herufi mbili mgongoni

Najua nimepotea humu kama wiki sita hivi. Wale mlioniandikia kuuliza kama nimeoa kimyakimya, jibu ni hapana, bado nipo nipo kwanza. Ni kazi tu. Chumba cha habari kikishakukamata unasahau hata siku ya kufua.

Leo sina siasa wala mpira. Leo naandika juu ya gari langu, kwa sababu kila nikikutana na mtu ananiuliza swali lilelile: "Hivi bwana, na elimu yako yote, ukaenda kununua Vitz?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nakaa chini nijibu wote kwa pamoja, na mwishoni nitasema na jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Tuanze na mashtaka. Kwa hapa Dar es Salaam Vitz ni gari la kuanzia maisha. Wengine wanasema ni gari la kina dada, wengine wanasema ni bajaji iliyoongezwa tairi. Ukiegesha Vitz kwenye harusi, mlinzi anakuonyesha kule nyuma karibu na jenereta. Yote nimeyasikia. Ila anayejua magari akizunguka nyuma ya langu atakuta herufi mbili ndogo: RS. Hapo ndipo mazungumzo yanapobadilika.

Kwa wasiojua, Vitz ya kawaida ya kizazi cha pili, ile iliyotoka Japani mwaka 2005, injini yake ndogo ni ya lita moja, silinda tatu, nguvu farasi 71. RS ya kizazi hichohicho ina injini ya lita moja na nusu, silinda nne, nguvu farasi 110, na langu lina gia tano za mkono. Gari lenyewe lina uzito wa tani moja na ushee tu. Ukiweka nguvu hiyo ndani ya kigari chepesi namna hiyo, kinachotokea ni kwamba taa ikiruhusu pale Morocco, mwenye gari kubwa jeusi lenye vioo vya giza anabaki anajiuliza kile kitu cha bluu kimepita saa ngapi. Kwi kwi kwi!

Na wala hili wazo la kuchukua kigari cha kwenda sokoni na kukitia ukali halikuanzia Japani. Mwaka 1976 Volkswagen walianza kuuza Golf GTI, kigari cha milango mitatu chenye injini ya lita 1.6. Walipanga kutengeneza magari 5,000 tu, wakaishia kuuza zaidi ya 450,000 ya toleo lile la kwanza. Nguvu yake ilikuwa kiasi gani? Farasi 110. Sawasawa na kivitz changu. Kwa hiyo mnaponicheka mjue mnacheka ukoo wa heshima. Hata hilo jina la Vitz mnalolitania, Toyota walilistaafisha kule Japani mwaka 2020, gari likaanza kuitwa Yaris kama linavyoitwa Ulaya, na mwaka huohuo wakatoa GR Yaris yenye nguvu farasi zaidi ya 260. Huyo ni mjukuu wetu, mnaruhusiwa kumsalimia.

Sasa tuje kwenye fedha. Kuagiza mwenyewe kutoka Japani nilishindwa. Gari langu ni la mwaka 2007, na mwenye kuagiza gari la umri huo anakutana na ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini asilimia 5, uchakavu asilimia 30 kwa kuwa limezidi miaka 10, halafu VAT asilimia 18 juu ya huo mzigo wote. Kufika hapo unakuta kodi imekuwa gari la pili. Nikanunua mkononi mwa kaka mmoja aliyekuwa anahamia nje kimasomo, kwa shilingi milioni 9 na nusu, nyingi yake ikiwa mkopo wa SACCOS ya kazini. Hiyo ilikuwa mwaka 2022, mwaka ambao petroli Dar es Salaam ilifika mwezi wa nane ikavuka shilingi 3,400 kwa lita. Mtu mwenye akili timamu angesubiri. Mimi sikusubiri.

Nilipompigia mzee simu Songea kumpa habari njema, mambo yalikuwa hivi:

"Shikamoo baba. Nimenunua gari."

"Marahaba. Hongera sana. Linalala wapi?"

"Hapahapa uani, kwa mwenye nyumba."

"Aha. Kwa hiyo wewe umepanga, na gari nalo limepanga."

Akanyamaza. Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, anajua kunyamaza mpaka mwanafunzi ajisikie vibaya mwenyewe. Kwake yeye mpango wa maisha una mstari: shule, kazi, kiwanja, msingi, mke, ndipo gari likibakiwa na nafasi. Mimi niliruka hatua tatu. Na kibaya zaidi, nikimtazama kwa hesabu, ana haki. Kwa milioni 9 na nusu ningepata kipande cha ardhi kule Chanika au Kisarawe na matofali ya kuanzia. Ardhi inapanda bei ukiwa umelala, gari linashuka bei ukiwa umelala. Hilo silibishi.

Lakini ninaishi Tegeta na ofisi iko mjini. Mnaojua Barabara ya Bagamoyo mnajua ninachosema. Ni kama kilomita 25 kwenda na 25 kurudi. Kabla ya gari nilikuwa naamka saa kumi na nusu kugombania daladala, nasimama kwa mguu mmoja mpaka Makumbusho. Jioni sawa. Na mwandishi hatoki kazini saa kumi jioni kama watu wengine. Tunafunga kurasa usiku, wakati mwingine saa nne, tano. Saa hizo daladala zimeadimika, na bodaboda ya mpaka Tegeta usiku ni bei pamoja na roho mkononi. Mwenzetu mmoja aliporwa kituoni mara mbili ndani ya mwaka mmoja, kompyuta mpakato na simu, vyote. Gari kwangu halikuwa urembo. Urembo ni hizo herufi mbili tu, na hapo ndipo nilipojipendelea.

Basi asubuhi zangu ziko hivi. Natoka saa kumi na moja na nusu. Nikiwasha, mama wa Kijapani aliyemo ndani ya gari ananisalimia kwa sauti tamu kunijulisha kwamba sijaweka kadi ya kulipia barabara za kwao. Kila siku, miaka yote hii, na bado hajakata tamaa. Redio nayo ilitengenezwa kwa masafa ya kwao ya 76 mpaka 90, kwa hiyo stesheni yoyote iliyo juu ya 90 siipati mpaka ninunue kile kidude cha kuongezea masafa, ambacho kila mwezi nasema nitanunua. Nina stesheni chache, nimezikariri mpaka matangazo ya sabuni.

Kutoka uani mpaka lami ni barabara ya vumbi kama mita 600, na hapa ndipo mwenye kigari cha michezo analipia dhambi zake. Kiko chini kidogo kuliko Vitz ya kawaida, bampa la mbele lina kidevu, na matairi yake ni mapana na membamba wa shavu, 195/50 ya inchi 16. Vitz ya kawaida inavaa 165/70 ya inchi 14, lile tairi nene shavuni linalomeza mashimo kama ugali. Langu kila jiwe linaniambia jina lake. Mvua za masika zikija naendesha kama nimebeba mayai. Kidevu cha bampa nimekipoteza mara mbili kwenye tuta moja pale karibu na shule ya msingi, mara ya pili fundi akakishona kwa waya wa kufungia nondo. Shokapu za mbele nimebadilisha zote mbili, bushi sijui mara ngapi. Habari njema ni kwamba hii ni Toyota. Ukienda Shauri Moyo pale Ilala, ukitaja Vitz, vijana watatu wanakimbia kwa pamoja. Injini yake ndiyo ileile iliyomo kwenye Toyota nyingine nyingi zinazozunguka mjini, kwa hiyo spea ziko na fundi anaifahamu kwa kupapasa. Taabu ni vile vitu vya RS peke yake, mfano bampa. Hapo unasubiri, au unaomba mwenzako mwenye RS apate ajali ya nyuma. (Natania jamani.)

Ukishaingia lami sasa, Kunduchi mpaka Mwenge, ni foleni. Na hili niseme kwa wanaotamani gia za mkono: kwenye foleni ya Dar mguu wa kushoto unakuwa mguu wa mchezaji. Klachi, gia ya kwanza, mita tatu, klachi, simama. Kuanzia Africana mpaka Lugalo kuna siku nimehesabu nikaacha nilipofika mara 200. Bodaboda wanapita kushoto na kulia, vioo vya pembeni nimevikunja na kuvikunjua mpaka vimelegea. Katikati ya hayo nguvu farasi 110 hazina kazi yoyote. Ziko pale zimekaa kama msomi asiye na ajira.

Mafuta je? Kwenye foleni linanipa kama kilomita 11 kwa lita. Kwa siku ni lita nne na nusu hivi. Kwa bei ile ya 2022 hiyo ni zaidi ya shilingi 15,000 kwa siku, hela ambayo ingenipeleka na kunirudisha kwa daladala wiki nzima ya kazi. Ndiyo maana wiki ya mwisho wa mwezi mtaniona kituoni nimeshika begi langu kama zamani. Msinicheke, gari limepumzika.

Sasa mtauliza, raha iko wapi?

Raha iko usiku. Na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Ukifunga kurasa saa tano usiku, ukitoka mjini, jiji lote limekuachia barabara. Unapita Daraja la Salander, upepo wa bahari unaingia dirishani. Unashika Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, Namanga, Morocco, Mwenge, na mbele yako hakuna mtu. Unaiingiza gia ya tatu, unakanyaga, injini inabadilisha sauti, mgongo unaegemea kiti. Usukani mwepesi, gari linageuka kabla hujamaliza kuwaza. Baada ya saa kumi na mbili za kusikiliza hotuba za watu na kukimbizana na mhariri, hizo dakika 25 zilikuwa zangu peke yangu. Nilikuwa nazisubiri mchana kutwa. Sitawadanganya, nilikuwa nakimbiza. Ukomo wa mwendo kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, naujua, nimeuandika gazetini mara nyingi. Mchana trafiki wenye tochi wamenipiga faini ya shilingi 30,000 mara mbili. Usiku tochi hazipo. Ndivyo nilivyokuwa najihesabia.

Usiku mmoja mwaka juzi, nimeshapita Lugalo, mshale uko karibu na 100. Taa za barabarani sehemu ile zilikuwa zimezimika. Mbele kuna kivuko cha waenda kwa miguu, naona milia, sioni mtu. Halafu nikaona. Mama, kajifunga khanga mbili, beseni kichwani, yupo katikati ya kivuko tayari, anatembea taratibu kwa sababu ya mzigo.

Nilifunga breki kwa nguvu zangu zote. Pedali ikawa inatetemeka chini ya mguu, ABS inafanya kazi yake, matairi yale mapana niliyokuwa nayasifia yanalia, na gari bado linakwenda. Hicho ndicho ninachokumbuka, kwamba linakwenda tu. Yule mama aligeuka akaona taa, akaruka nyuma. Beseni likaanguka. Nilisimama nikiwa nimeshakivuka kile kivuko, mita kadhaa mbele yake. Kama angeganda pale alipokuwa, leo nisingekuwa naandika haya.

Nikashuka miguu haina nguvu. Samaki wa kukaanga wametapakaa kwenye lami, vibua na changu, mabaki ya biashara ya siku.

"Mama, samahani mama. Umeumia?"

Aliniangalia kwa muda. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

"Sijaumia. Baba, unakimbilia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa naenda kulala.

Nikaanza kuokota samaki, akaniambia niache, wameshaingia mchanga. Nikatoa hela zote zilizokuwa mfukoni. Akahesabu pale pale kwa mwanga wa taa zangu, akachukua 18,000, iliyobaki akanirudishia. "Samaki walikuwa wa kiasi hiki," alisema. Nikamwomba nimpeleke kwake. Akalitazama gari, akanitazama mimi. "Nitakwenda na miguu yangu, mwanangu. Ndiyo niliyokuja nayo."

Akabeba beseni tupu akaondoka. Mimi nilikaa pembeni ya barabara nusu saa nzima, taa zinawakawaka, siwezi kukanyaga klachi kwa sababu mguu unacheza.

Nyumbani sikulala. Nikachukua kalamu nikapiga hesabu za fizikia ya sekondari. Kwenye 50 kwa saa gari linakwenda mita 14 kwa sekunde. Ukichukua sekunde moja kushtuka, halafu ukafunga breki kwenye lami kavu, unasimama baada ya mita 28 hivi. Kwenye 100 ile sekunde ya kushtuka peke yake inakula mita 28. Yaani pale ambapo mwenzako wa 50 ameshasimama, wewe ndiyo kwanza mguu unafika kwenye breki, na bado hujapunguza hata kidogo. Kisha breki zenyewe zinahitaji umbali mara nne, si mara mbili, kama mita 56. Jumla mita 84. Nilikuwa nadhani mwendo ukiongezeka maradufu hatari nayo inaongezeka maradufu. Kumbe sivyo.

Na hapa kuna kitu kinachoniuma kama mwandishi. Zaidi ya mara kumi nimeandika zile habari fupi za ukurasa wa tatu. "Mtu mmoja amefariki dunia baada ya kugongwa na gari dogo, chanzo cha ajali ni mwendo kasi wa dereva." Maneno 80, jina, umri, kamanda amethibitisha. Naandika huku nakula chipsi. Siku nne baada ya usiku ule nikaletewa nyingine kama hiyo niihariri. Nikasoma "gari dogo" nikasimama. Yule dereva siku zote nilikuwa namwona ni mlevi fulani, mhuni fulani. Sikuwahi kufikiri anaweza kuwa kijana mwenye shahada, hajanywa kitu, anatoka kazini, anafurahia gia ya tatu. Habari yangu mimi sikuiandika popote. Nimekaa nayo mpaka leo. Kazi yangu ni kuwauliza watu maswali wasiyotaka kujibu, na swali la yule mama nililikimbia karibu miaka miwili.

Nikataka kuuza gari. Nilishafikia bei na mteja mmoja wa Sinza. Kisha nikafikiri: nikiuza nikanunua lile la lita moja, nalo linafika 100 bila taabu. Wa kurekebishwa ni mimi.

Kwa hiyo bado ninalo. Usiku napita na 50, na pale kwenye kivuko hata kama hakuna mtu napunguza mpaka gia ya pili. Madereva wa nyuma wananipigia honi, mmoja aliwahi kunifungulia dirisha akanitukana kwamba hiyo RS nimeibandika tu. Sawa. Na cha kushangaza, kigari hiki kina raha hata kwenye mwendo mdogo. Kubadilisha gia kwa wakati wake bila gari kushtuka, kukata kona ya kuingia kwetu kwa gia ya pili usukani ukiwa umetulia, kulipitisha kwenye mashimo yale bila kugusa kidevu. Hayo nayo ni udereva, tena yanahitaji akili zaidi ya kukanyaga.

Mzee alikuja Dar mwezi uliopita kwa matibabu ya macho. Nilimpokea stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis saa nne usiku, nikamleta mpaka Tegeta taratibu. Njia nzima amenyamaza. Tulipofika akashuka, akalizunguka gari, akazisoma zile herufi mbili kwa kidole kwa sababu ya macho.

"Unaendesha vizuri," akasema. "Nilifikiri unakimbiza kama vijana wenzako."

Nikasema, "Ahsante baba." Sikumweleza. Nadhani akimsomesha mtu hapa blogu yangu atajua, na itabidi nijibu.

Akamalizia, "Sasa kiwanja."

Mkopo wa SACCOS unaisha mwezi wa sita. Nitawajuza. Na mkiona kivitz cha bluu kinatembea kama maiti usiku Barabara ya Bagamoyo, msinipigie honi. Nipiteni tu, ila mkifika kwenye milia, punguzeni.

Jioni njema wadau.